Ushauri wenu wakuu: ruzuku ya HUD ya nyumba za waliokuwa hawana makazi inaisha, naombaje upya?

Binti_Pangani

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi kwenye shirika dogo lisilo la faida huku Ohio. Tuna mradi mmoja tu: nyumba za kudumu zenye huduma, kwa watu waliokaa mitaani muda mrefu na wana ulemavu au maradhi ya akili. Pango karibu lote linalipwa na HUD, wizara ya nyumba ya serikali ya Marekani, kupitia mpango wa Continuum of Care, hii tunayoiita CoC. Mwenzetu aliyekuwa anashika mambo ya ruzuku ameacha kazi, faili nimekabidhiwa mimi, na kazi yangu siku zote imekuwa kuhudumia wapangaji.

Sasa CoC ya hapa, yaani umoja wa mashirika ya eneo letu unaosimamia maombi hayo, imetuma barua pepe kwamba maombi ya kuendelea yameanza kupokelewa. Kuna watu ofisini wanasema kuomba upya ni kujaza fomu tu, fedha zinakuja zenyewe. Mimi naona mwaka jana tulipangwa karibu na mkia wa orodha, na kuna fedha hatukuzitumia zikarudi serikalini. Halafu kuna huu mchango wa asilimia 25 ambao shirika linatakiwa kuongezea juu ya ruzuku, sijui tunaupigaje.

Nina mpangaji mmoja, mama mtu mzima, alikuwa analala ndani ya gari na ana kisukari. Insulini yake ilikuwa inaharibika kwa joto. Leo ina sehemu yake kwenye friji, na sukari imetulia. Nikifikiria mkataba wake wa pango usipohuishwa kwa sababu ya karatasi zangu, usingizi hauji. Mwenye uzoefu naomba anielekeze nianzie wapi.

Mzee_wa_Ruzuku

Dada, hao wanaosema fedha zinakuja zenyewe usiwasikilize. Mradi unaoendelea unaingia kwenye ushindani kama mradi mpya, tofauti ni kwamba wewe una rekodi ya kuonyesha.

Elewa kwanza kwamba unapita milango miwili. Wa kwanza ni wa hapo hapo kwenu: kamati ya CoC inapitia miradi yote ya eneo, inaipa alama na kuipanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa pili ni HUD yenyewe, inayopokea ombi moja la eneo zima, na miradi yenu yote imo ndani. HUD hugawa orodha ile mafungu mawili. Walio fungu la juu wako salama kiasi. Walio fungu la chini wanashindanishwa na miradi ya nchi nzima, na alama za CoC yenu yote zinawabeba au kuwazamisha. Kwa hiyo kupangwa mkiani si aibu tu. Ni hatari hasa.

Ndiyo maana nasema mapambano yako makubwa yako kaunti, wala si Washington. Kabla hujagusa fomu, omba karatasi ya alama ya mwaka huu. Lazima iwepo, na kwa kawaida hutangazwa kwenye tovuti ya CoC. Kaa nayo na ripoti zenu, jipe alama mwenyewe bila kujipendelea. Omba pia alama mlizopata mwaka jana, kipengele kwa kipengele. Mara nyingi unakuta mradi ulipoteza alama kwenye vitu viwili vitatu tu, na kimoja wapo ni kuchelewesha nyaraka.

Angalia tarehe vizuri. Tarehe ya HUD siyo yako. Kwa miaka mingi matangazo ya HUD yamekuwa yakitaka miradi iwasilishe kwa CoC angalau siku 30 kabla ya mwisho wa HUD, na CoC ikujulishe kwa maandishi angalau siku 15 kabla kama umekataliwa au umepunguziwa. Bandika tarehe ya CoC ukutani, ile ya HUD waachie wao.

Jambo jingine: kwenye e-snaps, mfumo wa HUD wa kujazia maombi mtandaoni, utakuta unaweza kuleta majibu ya ombi la mwaka uliopita. Yalete, lakini soma kila ukurasa. Vipaumbele vya HUD hubadilika, na maneno yaliyomfurahisha msomaji miaka mitatu iliyopita yanaweza kukugharimu leo. Soma tangazo la mwaka huu lenyewe, usikubali kusimuliwa.

Kijana_wa_Dayton

Nyongeza fupi. Angalia leo kama usajili wenu wa SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba fedha zake, uko hai. Unahuishwa kila mwaka, na barua pepe ya kukumbusha inaenda kwa mtu aliyesajiliwa. Kama ni huyo aliyeacha kazi, hakuna atakayeiona. Kuhuisha kunaweza kuchukua wiki kadhaa wakianza kuhoji jina au anwani ya shirika.

Takwimu_Kwanza

Mimi nashughulika na HMIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za wateja wasio na makazi, kwenye CoC nyingine, jimbo jingine, kwa hiyo naongea kwa upande wa wanaotoa alama.

Dada Pangani, sehemu kubwa ya alama zenu haitoki kwenye insha mtakayoandika. Inatoka kwenye ripoti ya mwaka, ile mnayoiwasilisha kupitia Sage, mfumo wa HUD wa kupokea ripoti, ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa ruzuku kuisha. Kamati inatazama: nyumba zilijaa kiasi gani, wangapi wamebaki kwenye nyumba au wametoka kwenda makazi ya kudumu, wangapi wameongeza kipato, na taarifa zilizoachwa wazi ni nyingi kiasi gani.

Ingia HMIS, toa ripoti ya ubora wa taarifa, halafu pitia mpangaji mmoja mmoja. Nakupa mfano ninaouona kila msimu. Mpangaji alianza kupata fedha za ulemavu za SSI mwezi wa tatu. Mhudumu wake anajua, barua ya uthibitisho iko kwenye faili la karatasi, lakini kwenye mfumo tathmini ya mwaka haikujazwa. Ripoti inasoma kwamba hajulikani kama ana kipato. Kwa macho ya kamati, mradi wenu haujamsaidia. Na tathmini ile ina dirisha lake: siku 30 kabla au baada ya tarehe anayotimiza mwaka tangu aingie. Ikikosewa hapo inahesabika haipo.

Usibuni kitu ili kujaza nafasi. Sahihisha kile chenye ushahidi, na weka ushahidi kwenye faili.

Mama_Nasra

Kwa wenzetu wa nyumba za wanawake waliokimbia kupigwa, msichanganye na ushauri huu wa HMIS. Sheria inatukataza kuingiza majina ya wateja wetu humo. Tunatumia mfumo wetu wa kando unaotoa ripoti za jumla, na kamati inatakiwa ikupime kwa hizo. Pia mafanikio yetu kwanza ni usalama wa mteja. Ombeni hilo liwe na alama zake kwenye karatasi, msingoje wakumbuke wenyewe.

Binti_Pangani

Asanteni sana, nimeanza kuona njia. Karatasi ya alama nimeipata. Tumepoteza kwenye nyumba kuwa wazi na kwenye fedha kutotumika.

Kuhusu mchango wa asilimia 25: kuna zahanati inatuma muuguzi kwa wapangaji wetu kila wiki, bure. Mkurugenzi wangu anasema hiyo inatosha, ila hatuna maandishi yoyote, ni makubaliano ya mdomo. Na bajeti ina mistari miwili ya pango, mmoja wa kukodi na mwingine wa msaada wa kodi. Mimi naona ni kitu kimoja?

Mhasibu_Asha

Si kitu kimoja mdogo wangu, na hapo ndipo kuna fedha.

Kukodi ni pale shirika linapotia sahihi kwa mwenye nyumba, halafu linampangisha mteja. Msaada wa kodi ni pale mteja mwenyewe anapotia sahihi na mwenye nyumba, ninyi mnalipia sehemu. Asilimia 25 inapigwa kwenye ruzuku yote isipokuwa mstari wa kukodi. Tuseme ruzuku ni dola 200,000, na ndani yake kukodi ni dola 80,000. Unatoa hizo, inabaki 120,000. Mchango wenu ni dola 30,000, siyo 50,000. Nimeona shirika likihangaika kutafuta fedha ambazo hazikuwa zinadaiwa.

Muuguzi anahesabika, kwa sababu kazi yake ni huduma inayokubalika kwenye ruzuku. Mchango unaweza kuwa fedha taslimu au huduma. Lakini huduma ya mtu wa nje lazima iwe na hati ya makubaliano kabla mkataba wa ruzuku haujatiwa sahihi. Hati itaje huduma gani, nani anaitoa, kwa kina nani, saa ngapi, na thamani ya saa moja. Baada ya hapo mwaka mzima mnatunza kumbukumbu za saa zile. Hati nzuri isiyo na kumbukumbu za saa haimridhishi mkaguzi, na nyaraka zenyewe zinatunzwa miaka 5.

Kuhusu fedha kutotumika, kuna mambo mawili ya kutazama. Moja, mnachota fedha za ruzuku mara ngapi? Kanuni inataka angalau mara moja kila robo mwaka. Ukichota kila mwezi unaona mapema bajeti inakoelekea. Pili, kama mna msaada wa kodi na pango halisi ni dogo kuliko mlivyokadiria, ziada mnaruhusiwa kuitumia kuhudumia watu zaidi ya idadi mliyoandika. Wengi hawalijui hili, wanarudisha fedha na huku orodha ya wanaosubiri nyumba imejaa.

Njia_Panda

Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Kama kila mwaka fedha zinarudi, kwa nini msijitolee wenyewe kupunguziwa sehemu ndogo? CoC inaihamishia kwa mradi mpya, fedha zinabaki kwenye kaunti, na baadhi ya CoC zinatoa alama kwa anayefanya hivyo.

Mzee_wa_Ruzuku

Mkuu, hilo linafaa kwa shirika kubwa. Kwa huyu dada naliogopa. Kilichopunguzwa hakirudi mwakani kwa kuomba tu, kwani kiwango cha juu unachoweza kuomba kinafuata ruzuku mliyo nayo. Na kodi za nyumba hazishuki. Kwanza ajue kwa nini nyumba zilikuwa wazi. Dada, ni wateja hawakuletwa, au wenye nyumba walikataa?

Binti_Pangani

Yote mawili. Wateja tunaletewa kutoka orodha ya pamoja ya kaunti, na jina likija mara nyingi faili halina uthibitisho wa muda aliokaa mitaani. Tunakaa tunatafuta karatasi, nyumba iko tupu. Na wenye nyumba wawili waliondoka baada ya kuharibiwa vitu.

Takwimu_Kwanza

Hapo kwenye uthibitisho nakusaidia. Kinachotakiwa ni mtu mwenye ulemavu aliyekaa bila makazi miezi 12 mfululizo, au vipindi visivyopungua 4 ndani ya miaka 3 ambavyo jumla yake inafika miezi 12. Ushahidi bora ni wa mtu wa tatu: kumbukumbu za HMIS, barua ya kituo cha kulala, barua ya mhudumu wa mitaani. Barua haihitaji urembo. Nimewahi kupitisha iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, kwa sababu ilisema mhudumu alimwona mteja chini ya daraja gani, mwezi gani hadi mwezi gani, ikiwa na sahihi na jina la shirika lake. Kumwona mara moja ndani ya mwezi kunahesabika kama mwezi mzima. Peleka ombi kwenye CoC kwamba uthibitisho uanze kukusanywa mteja akiwa bado kwenye orodha, kabla hajafika kwenu.

Mhasibu_Asha

Na wenye nyumba waambie kuna fedha za uharibifu, hadi thamani ya kodi ya mwezi mmoja, kama mradi ni wa msaada wa kodi. Mpangaji akihama kabla mkataba haujaisha, mnaweza pia kuendelea kulipa hadi siku 30 kuanzia mwisho wa mwezi aliohama. Hayo mawili yamewahi kunirudishia mwenye nyumba aliyekuwa ameshakataa kabisa.

Binti_Pangani

Mungu awabariki. Kesho nakutana na zahanati kuhusu hati, na SAM.gov nimekuta jina ni la yule yule aliyeondoka, tumeshaanza kubadilisha. Swali langu la mwisho: kwenye maelezo ya ombi niziseme hizi nyumba zilizokaa wazi, au nikae kimya na kuandika mazuri tu?

Mzee_wa_Ruzuku

Ziseme. Kamati ina ripoti yenu mezani, idadi wanaiona. Ukikaa kimya watajaza sababu wenyewe, na itakuwa mbaya kuliko ya kweli. Andika aya moja: nyumba zilikuwa wazi kwa sababu hizi mbili, tumefanya moja, mbili, tatu, na tangu tarehe fulani zilizo wazi ni kadhaa. Weka tarehe na idadi halisi. Kisha mambo ya wapangaji waliotulia, kama huyo mama wa insulini, yaweke bila jina wala kitu cha kumtambulisha.

Halafu kabla ya kutuma, hakikisha kwenye bodi yenu au chombo kinachopitisha sera yupo angalau mtu mmoja aliyewahi kukosa makazi. Ni sharti la kanuni, na mashirika madogo wanalisahau mtu huyo akijiuzulu. Hati ya zahanati ikishatiwa sahihi, ipandishe hapa bila majina, Asha aipitie.