Msoma mita nimeshikwa na ugonjwa wa ndege. Picha mnapigaje mkiwa kazini?

msomamita
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kusoma mita za maji huku Goba, Dar. Watu wanadhani kazi hii ni kutembea. Kutembea kupo, lakini zaidi ni kusubiri. Unagonga geti, mbwa anabweka, dada anauliza "nani?", unajibu "maji", anarudi ndani kuuliza. Dakika tatu umesimama mbele ya ukuta wa mtu, utatazama nini? Ndivyo ndege walivyoniingia.

Zamani nilikuwa naona "ndege" tu. Sasa nikikaribia kona moja ya michongoma kule Kinzudi najua tipitipi yumo humo. Simwoni, namsikia akimimina ile sauti ya maji yanayotoka kwenye chupa. Bibi yangu alisema akilia hivyo mvua iko njiani. Mwezi uliopita alilia siku tano mfululizo na jua lilikuwa la kukaushia mihogo.

Nina shida mbili. Ya kwanza, kuna ndege wa kijani wanakaa kwenye waya wa umeme. Wembamba, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia, mkia una unywele mrefu katikati. Anaruka, anadaka nyuki hewani, anarudi palepale, anampigiza kwenye waya mara kadhaa ndipo anameza. Nimewapiga picha kama arobaini. Zote zimetoka kipande cha mkaa juu ya karatasi nyeupe. Simu ni ya kazi, ile tunayopigia picha mita, msicheke. Moja ya hizo picha ilipanda kwenye mfumo kimakosa kwenye akaunti ya mteja, nikaulizwa na bosi hii mita ina mabawa tangu lini.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Wiki iliyopita nimeinua simu juu ya ukuta wa nyumba moja, nalenga waya. Chini ya waya kumbe kuna binti anaanika nguo. Mama mwenye nyumba katoka na upawa mkononi. Kabla sijamaliza "mama mimi ni wa maji" mjumbe ameshapigiwa simu. Nilionyesha picha zote mbele ya watu, mkaa mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeona ndege hata mmoja. Hebu fikirieni utetezi huo.

Ni ndege gani hao, na nyie mnaopiga picha mitaani mnafanyaje?

mzee_wa_mizinga
Kijana, hao ni keremkerem. Mimi nafuga nyuki Muheza, kwa hiyo usitegemee niwasifie. Wakitua kumi karibu na mizinga yangu asubuhi, chai hainipiti kooni.

Lakini hujasema umewaona mwezi gani, na hapo ndipo penye jibu. Kama ni huu wa Agosti, mtazame kichwani. Akiwa na utosi wa rangi ya kahawia, mstari mweupe juu ya jicho na mwingine chini yake, koo jekundu la kutu, huyo ni keremkerem wa Bukini, yaani Madagaska. Wengi wao wanavuka bahari kutoka kule wakati wa kipupwe chetu, ingawa wapo wanaozaa hukuhuku pwani, wanachimba mashimo kwenye kingo za mchanga. Ukimwona Desemba au Januari, ana utosi wa kijani, shavu lina samawati na kidevu cha njano, huyo ni mwingine. Ametoka Asia na Mashariki ya Kati, kakimbia baridi. Kwa mbali wote ni kijani, ndiyo maana watu wanawachanganya.

Kuhusu mkaa: simu inapima mwanga wa anga, ndege anabaki kivuli. Mguse ndege kwenye kioo, kitatokea kialama cha jua, kisukume juu mpaka anga iungue kabisa. Achana na anga, hukwenda kupiga anga. Akiwa yangeyange juani fanya kinyume, kisukume chini, la sivyo utapata shuka jeupe lenye miguu. Na mtaa huo usome asubuhi ukianzia upande wa mashariki, jua likupige kisogoni.

Zumu ya simu za kawaida usiiamini. Haimsogezi ndege, inatanua picha tu. Mimi nina darubini ya mtumba, naweka jicho la simu kwenye tundu moja la darubini, nashikilia kwa mikono miwili, viwiko kwenye mzinga mtupu. Inachukua siku mbili tatu kuzoea.

mamazai_tabata
Mzee kajibu ya ndege, mimi nijibu ya upawa. Kaka msomamita, ningekuwa mimi ningetoka na mwiko pia. Mwanaume ameinua simu juu ya ukuta wangu, mwanangu yuko kwenye kamba ya nguo, halafu aniambie keremkerem? Sare ya maji haikusaidii, siku hizi hata vibaka wanavaa sare.

Gonga kwanza. Soma mita. Ukimaliza, mwambie mwenye nyumba "mama, pale juu kuna ndege, naomba nimpige picha nikiwa hapahapa ndani", na umwonyeshe kioo wakati unapiga, sio baadaye. Ndege akiondoka ameondoka. Huyo si wa kwako wala wa kwake.

Na ile nyumba rudi ukaombe radhi. Usipeleke maelezo ya kamera.

soja_wa_geti
Nimecheka hiyo ya mita yenye mabawa. Mimi ni soja Nairobi, kwa geti ya ofisi karibu na Mombasa Road. Wewe unangojea geti ifunguliwe, mimi ndio wa kuifungua, lakini kungoja ni kule kule.

Huku tuko na marabu, wale korongo wa kichwa kipara na mfuko shingoni. Wamejaa kwa miti karibu na uwanja wa Nyayo, na ukipita chini bila kofia ni shauri yako. Watu wanawaona wachafu. Mimi nimewatazama miaka minne. Miguu yao asili si nyeupe, ni mavi yao wenyewe wanajimwagia wakati wa jua ili wapoe. Mkubwa mmoja wa ofisi hakuamini mpaka nikamwonyesha picha.

Ukiwa kazini usingoje picha nzuri, andika. Mimi niko na OB ya lindo, kitabu cha kuandikia matukio, na kurasa za nyuma ni za ndege. "05:40, kwarara watatu, kelele, wanaelekea Nairobi West." Msimamizi alizipata akauliza kama kwarara ni genge. Nilimwambia ndiyo, na wanapita kila asubuhi.

Pia weka Merlin, ile app ya kutambua ndege, kwa simu yako mwenyewe, si ya kazi. Ni ya bure, unapakua orodha ya ndege wa eneo lako na inafanya kazi bila bando. Na kunguru wakianza kupigia mti mmoja kelele, angalia huo mti. Mara nyingi kuna bundi anatafuta usingizi.

msomamita
Shikamoo mzee wa mizinga. Ni wa Bukini. Leo saa mbili asubuhi nimesimama upande uliosema, nikasukuma kialama juu, anga ikawa nyeupe pee, na ndege akatokea: utosi wa kahawia, mistari miwili myeupe, koo kama matofali mabichi yaliyolowa. Picha bado ina ukungu, nimepiga kwa simu yangu, kamera yake ni ya kuombea. Ila jicho linaonekana. Jekundu! Miezi yote hii sikujua lina rangi.

Dada mamazai, nimerudi. Nimegonga, nimesoma mita, nimeomba radhi. Mama hakusema kitu, akaniacha nimesimama mpaka nikaanza kufunga begi. Halafu akasema, "Kama unatafuta ndege, njoo huku." Nyuma ya nyumba, kwenye waya wa taa ya veranda, chozi amening'iniza kiota. Kama soksi ya mtoto, mlango ubavuni, kimefungwa kwa utando wa buibui, na kwenye kizingiti kuna kipande cha uzi wa bluu. Yule binti akasema uzi ni wa sweta lake la shule, na kwamba taa hiyo hawajaiwasha tangu jike aanze kujenga.

Sikupiga picha. Jike alikuwa ndani, mdomo umechungulia nje, na mimi nilikuwa hatua mbili tu.

Yuniti zao zimepanda kidogo mwezi huu. Hilo nalo nililazimika kumwambia.