Tupeane uzoefu: kuku wanaliwa, ni wavu gani unaofaa kweli?

Wakuu habari za jumapili. Nipo Chanika, Dar, nina kuku wa kienyeji na chotara nyuma ya nyumba, sasa tangu mvua zianze majani yamepanda kwenye viwanja vya jirani ambavyo havijajengwa basi ni msiba, kila nikigeuka kifaranga hayupo, na juzi kati nimekuta matetea wawili hawana vichwa ila nyama yote ipo. Nataka niweke kitu cha maana nisahau, shida dukani kila muuzaji anakusifia kile anachotaka kiishe. Naomba aliyepitia aseme, ulikuwa unaliwa na nini, ukaweka wavu gani, na ulisaidia? Yaliyokukuta wewe, sio ya kusoma.

Mama Kroila, Kibaha
Pole mkuu. Kwanza ujue nani anakula ndio uende dukani, maana wavu wa mwewe sio wavu wa kicheche. Hao wasio na vichwa, je walikuwa wanalala wameegemea wavu? Kwangu ilikuwa hivyo hivyo, mnyama hakuingia kabisa, alikuwa anawang'ata akiwa nje kupitia kwenye tundu. Nilikuwa na ule wavu wa kuku wa kawaida wa matundu ya pembe sita, laini hadi unaukata na mkasi. Ule unamzuia kuku asitoke basi, mnyama akitaka kuingia anaingia, mbwa koko walikuwa wanausukuma kwa kifua mpaka unachanika. Nilichofanya sikung'oa wote, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno nikaweka wayameshi ya kuchomelea yenye matundu ya nusu inchi, juu nikaacha ule ule wa zamani, hela ikaniokoka nyingi tu. Na fito za kulalia nikazisogeza katikati ya banda.

Chanika (mwenye mada)
Asante mama. Vipi ya inchi moja? Naona bei iko chini.

Mama Kroila, Kibaha
Inchi moja nguchiro mkubwa hapiti, panya anapita. Panya wakishakuwa wenyeji nyoka nae anawafuata, halafu unaanza kuulizana nani kala mayai. Kingine angalia geji, yaani unene wa waya, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba, geji 16 ni nene kuliko 20, kuna watu wanalipia 20 wakidhani wamepata ngumu.

Mkulima wa Mafinga
Huku kwetu adui ni nguchiro na anakuja mchana kweupe, wakati mwingine kundi zima. Hao hawapandi sana, wanachimba. Fundi aliniambia tuchimbie waya futi moja chini, udongo wa huku ni mgumu nikaona hapana, tukalaza waya juu ya ardhi kwa nje kama mkeka, futi moja na nusu kutoka kwenye fensi, tukaubana na mawe na majani yakaota juu yake. Mnyama akifika anachimba palepale chini ya ukuta, anakutana na waya, hana akili ya kurudi nyuma akaanzie mbali. Kabla ya hapo nilikuwa na uzio wa michongoma mzuri tu, ng'ombe hapiti, mwizi hapiti, nguchiro anapita chini huku hata hajikuni.

Wa Unguja
Nyie mnahangaika na chini, mie shida yangu iko juu. Hawa kunguru walioletwa hapa miaka ya 1890 eti wasafishe taka, leo wanasafisha vifaranga vyetu. Kunguru ana akili sana, ukisimama na fimbo haji, ukiingia ndani kupika tayari. Nimetundika sidii zinazong'aa, zikafanya kazi kidogo halafu wakazizoea, wengine wakawa wanatua juu yake! Kilichonisaidia ni kufunika juu kote kwa wavu, sehemu ya vifaranga tu, wakubwa wanatembea. Na tenga la bibi bado linafanya kazi jamani, msilidharau.

Igoma, Mwanza
Sisi huku juu tunafunika na nyavu chakavu za uvuvi, mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, unazipata kwa bei ya kutupa. Ya sangara ina matundu makubwa, mwewe hawezi kushuka kwa kasi akachukua, ila kunguru atapenya, kwa hiyo huyo wa Unguja achukue yenye tundu dogo. Usiiache ikaning'inia mpaka chini lakini, nyoka ananasa na kumtoa ni shughuli nyingine.

Pwani Kilifi
Kama uko karibu na bahari usinunue waya rahisi, upepo wa chumvi unaumaliza, na unaanza kuoza pale unapogusa mchanga. Mimi chini nimezungusha mabati yaliyotoka kwenye paa la zamani, nusu yake imezama ardhini, waya unaanzia juu yake. Kenge alikuwa anakuja kwa mayai kila mara, kwenye bati kucha zinateleza.

Bukoba mjini
Mmesahau siafu. Hao wavu wowote wanapita na wanaua kuku anayeatamia akiwa juu ya mayai yake. Banda liinue, kila mguu uingie kwenye kopo lenye oili chafu. Na mlango jamani, watu wananunua wayameshi ya gharama halafu chini ya mlango kuna uwazi wa vidole vitatu, kanu, yule mnyama mwembamba kama paka, anapita hapo akiwa anapiga mluzi.

Chanika (mwenye mada)
Haha huo uwazi chini ya mlango ninao, nimeenda kuangalia sasa hivi. Na ni kweli kuku walikuwa wanalala pembeni kabisa ya wavu. Nitaanza na nusu inchi kwa chini na ule mkeka wa Mafinga. Swali la mwisho, nguzo niweke mirunda au bomba?

Mkulima wa Mafinga
Mirunda, ila sehemu inayoingia ardhini ipake oili chafu kwanza iache ikauke, la sivyo mchwa wa huko Dar watakuangushia fensi yote. Za kwenye kona weka bomba na zege, ndizo zinazovuta waya.