Viti maalum bungeni: vifutwe, vibaki, au vipigiwe kura na wananchi?

Mleta mada, Ipagala

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhafidhina na sijifichi, na hoja yangu ni hii: viti maalum vya wanawake bungeni vifutwe. Sisemi wanawake wasiwe wabunge. Nasema mbunge awe na watu waliomtuma.

Ibara ya 66 ya Katiba ya 1977 inataka wabunge hao wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote, na Ibara ya 78 inavipa vyama kazi ya kupeleka majina Tume ya Uchaguzi. Siku ya kura, mtu wa Nzuguni hapa Dodoma anapewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge wa jimbo, ya diwani wa kata. Ya nne haipo. Jina la mbunge wa viti maalum halionekani popote kituoni, halafu Bunge likianza anakula kiapo kile kile cha mwenzake aliyezunguka vitongoji vyote kuomba kura.

Vilianza kama msukumo wa muda. Mwaka 1985 vilikuwa 15. Mwaka 1995 vikafika 37, 2000 vikawa 48, 2005 vikawa 75, 2010 vikawa 102, na 2015 vikawa 113. Dozi inapanda kila uchaguzi, na bado mwaka 2020 wanawake walioshinda majimboni hawakufika 30 kati ya majimbo 264. Hii ni dawa gani?

Karani wa Bahi

Mleta mada, hapo kwenye karatasi tatu parekebishwe kidogo. Kura yako inahusika, ila inapita mlango wa uani.

Zinazohesabiwa ni kura za ubunge, si za Rais. Chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima hakipati kiti maalum hata kimoja, hata kama kimeshinda majimbo kadhaa. Vilivyovuka hapo vinagawana kwa uwiano wa kura zao. Ndivyo 2015 ilivyokuja CCM 66, CHADEMA 37, CUF 10. Mwaka 2020 ikawa CCM 94, CHADEMA 19, basi.

Maana yake, mgombea wako akipigwa vibaya hapa Bahi, kura uliyompa haikwenda na maji. Imeingia kwenye fungu la chama chake na huenda ndiyo iliyoongeza kiti. Ubovu ni kwamba mpiga kura haambiwi hilo, na orodha ya majina haibandikwi ukutani pamoja na ile ya wapiga kura. Kwa hiyo anachagua bila kujua anachagua nani. Hilo linarekebishika bila kugusa Katiba.

Mzee wa Mvumi

Mimi niulize tu ambalo vijana mnalikwepa. Mama akiwa bungeni tangu Aprili hadi mwisho wa Juni kwenye bajeti, nyumbani anabaki nani?

Mama Mlenda

Shikamoo mzee. Anabaki yule yule anayebaki baba akiwa bungeni. Wabunge wa kiume wa kutoka Kagera na Mtwara nao hukaa Dodoma miezi hiyo hiyo, na sijaona mtu anawauliza.

Sasa nirudi kwa mleta mada, maana naye anajiita mhafidhina. Mhafidhina wa Ugogo hang'oi nguzo ya tembe kabla hajajua imebeba nini. Paa la tembe ni udongo. Ukikosea nguzo, unalala chini yake. Katiba nayo haibadilishwi kama kanga za sikukuu. Tuangalie kwanza nguzo hii imebeba nini.

Imebeba ngazi ya kwanza. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum. Jimbo la Makunduchi alilipata 2010. Ni miaka kumi ya kujifunza kanuni, kusoma bajeti na kujulikana, kabla ya kwenda kwa wapiga kura. Na wapo wanaokwenda moja kwa moja jimboni wakashinda, kama Dkt. Ashatu Kijaji alivyoshinda Kondoa mwaka 2015. Njia zote mbili zipo. Kufunga moja kwa sababu ya nyingine ni haraka isiyo na faida.

Halafu teremkeni mpaka kijijini, huko ndiko utaratibu huu unaonekana kwa macho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu 7, watatu wao wanawake. Akidi ni watu 4, na wawili lazima wawe wanawake. Kwa hiyo mjane anaponyang'anywa shamba la uwele na shemeji zake, wanaume wanne wa ukoo hawawezi kukaa chini ya mbuyu wakaliita hilo baraza. Bila wanawake wawili, kikao hakipo. Hiyo si siasa ya kuigwa kutoka Ulaya. Ni sheria yetu, na inalinda kile ambacho wahafidhina tunadai kukilinda: mji na watoto.

Linapoharibika, huharibika kwa saa. Mwenyekiti anaitisha kikao saa 3 asubuhi mwezi wa Septemba, wakati wanawake wako kisimani wanasubiri maji. Akidi haitimii, shauri linaahirishwa mara tatu, mjane anachoka. Kisha mtu anasema wanawake hawajitokezi. Peleka kikao saa 10 jioni uone.

Na anayesema mila zetu hazimjui mwanamke mbele za watu akasikilize muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Ngoma imebanwa magotini, anapiga nani? Wanaume wako wapi hapo?

Chilonwa Juu

Mama Mlenda umenena, ila hujagusa palipooza. Palipooza ni kwa wajumbe.

Jimboni mgombea anahangaika na makumi ya maelfu ya wapiga kura. Kwenye viti maalum, mkoani, anahangaika na wajumbe wachache wa mkutano wa jumuiya ya wanawake ya chama. Idadi ndogo kiasi hicho inanunulika. Tena si lazima kwa bahasha. Ni nauli ya kutoka Mpwapwa, ni vitenge vya sare, ni chakula cha jioni kabla ya siku ya kura. Takrima, yaani ruhusa ya kisheria ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata mchujo wa ndani ya chama, lakini nani atamshitaki aliyegawa nauli? Aliyepokea au aliyeshinda? Wanaosema wajumbe si watu wanawaonea kidogo. Mjumbe naye anajua kwamba akishapiga kura hatamwona yule mheshimiwa tena mpaka miaka mitano iishe.

Baada ya hapo orodha inakwenda makao makuu, na huko jina linaweza kushuka au kukatwa. Matokeo yake mbunge ana waajiri wawili, wajumbe wa mkoa na vikao vya juu vya chama, na mwananchi hayumo.

Akishaapa, tatizo linabadilika sura. Mkoa wa Dodoma una halmashauri 8. Mbunge wa jimbo ana Mfuko wa Jimbo, fedha za kuchochea maendeleo jimboni, uliowekwa kwa sheria ya 2009, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Wa viti maalum mfuko huo hana. Akipeleka mabati kwenye zahanati ya Chemba, mbunge wa Chemba anaona anachimbwa. Asipopeleka, watu wanasema hafanyi kazi. Na uwaziri mkuu asahau, Ibara ya 51 inataka mbunge wa kuchaguliwa jimboni.

Ya 2020 mnayakumbuka. Wabunge 19 wa viti maalum wa CHADEMA waliapishwa tarehe 24 Novemba, chama chao kikasema hakikupeleka majina, kikawavua uanachama siku tatu baadaye. Ibara ya 71 inasema ukipoteza uanachama umepoteza ubunge. Jambo likaenda mahakamani, nao wakaendelea kukaa bungeni. Mbunge wa jimbo angekuwa na wapiga kura wa kuwauliza wanasemaje. Hawa tungemuuliza nani?

Mleta mada, Ipagala

Chilonwa umenisaidia kuliko nilivyojisaidia. Basi nalegeza: visifutwe, vipigiwe kura. Kenya tangu Katiba ya 2010 kila kaunti kati ya 47 inachagua mwakilishi wake mwanamke, na wanaume kwa wanawake wote wanampigia. Uganda kila wilaya ina wake. Sisi tuweke mmoja au wawili kwa mkoa, karatasi ya nne iwepo.

Karani wa Bahi

Piga hesabu ya mafuta kwanza. Mgombea wa mkoa wa Dodoma anatakiwa afike Kondoa, arudi Kongwa, ashuke Kibakwe, amalizie Bahi. Mwanaume wa jimbo moja anazunguka eneo dogo mara kadhaa kwa gharama ile ile. Utapata wanawake wenye fedha au wenye mfadhili, basi. Kenya wenyewe iliwabidi mwaka 2015 waanzishe mfuko tofauti kwa ajili ya wawakilishi hao, maana walikuwa na kaunti nzima na mikono mitupu.

Tulikuwa na njia nyingine mezani. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka kila jimbo litoe wabunge wawili, mwanamke na mwanaume, na viti maalum viondoke. Jimbo ni lile lile, wapiga kura ni wale wale. Bunge Maalum la Katiba likakaa hapa hapa Dodoma mwaka 2014, na tarehe 2 Oktoba likapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye usawa wa nusu kwa nusu. Kura ya maoni haijapigwa mpaka leo.

Mzee wa Mvumi

Hiyo ya wawili wawili naielewa. Mji una baba na mama. Ila majimbo yaunganishwe, wasije wakawa wabunge mia tano tukawalisha sisi.

Chilonwa Juu

Mzee yuko sawa, na hapo ndipo hakuna mbunge atakayekubali jimbo lake lichanganywe na la jirani.

Lakini kabla ya kuunganisha chochote someni Ibara ya 98. Kubadilisha Katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge wote. Chukueni Bunge la 2020: viti 393, theluthi mbili ni 262. Muswada wa kuondoa viti maalum utapigiwa kura na wenye viti maalum 113. Wote wakikataa, wanabaki 280. Kati ya hao 280 wakikosekana 19 tu, mmoja yuko safarini, mwingine anaumwa, mwingine mkewe ni wa viti maalum, muswada umelala.

Mama Mlenda

Na mpeleka muswada awe nani? Mleta mada, umeshachukua fomu?