Friza la "RIBA 0%" Kariakoo: nimemaliza kulipa, sasa wananidai 312,000

Wakuu, salamu ziwe fupi, nina hasira.

Nilichukua friza la kuuzia barafu na mtindi kwenye duka moja kubwa la vyombo vya umeme pale Kariakoo. Jina silitaji kwa sasa. Barua yangu ya malalamiko iko mezani kwao na sitaki wapate kisingizio kwamba nimewachafua. Mlangoni wana bango, RIBA 0% MIEZI 6, unalisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Kijana wa mauzo akaniambia mbele ya mdogo wangu: "Mama, hii haina riba kabisa. Unaweka kianzio, unalipa miezi sita, unasahau."

Bei 1,500,000. Kianzio 300,000. Ikabaki 1,200,000, yaani laki mbili kila mwezi. Nimelipa zote sita. Ya mwisho nimelipa tarehe ileile ya mwisho, kwa simu, saa 3 usiku, na meseji ya muamala ninayo. Baadaye inaingia meseji nyingine: "Ndugu mteja, unadaiwa TZS 312,000. Lipa leo kuepuka usumbufu." Nikajua wametuma kwa mtu siye.

Kumbe ndiye. Maelezo yao, yaani duka na kampuni ya mikopo iliyo nyuma ya ofa hii, ni kwamba malipo yanayoingia baada ya saa 10 jioni yanahesabiwa ya kesho yake. Kwa hiyo mimi nimelipa "kesho", kwa hiyo ofa imekufa, kwa hiyo riba inarudi nyuma mpaka siku niliyobeba friza. Asilimia 3.5 kwa mwezi, mara miezi 6, mara 1,200,000. Hapo wamepata 252,000. Ile 60,000 nyingine wameiita gharama za ufuatiliaji. Ufuatiliaji wa nini, wa hela ambayo imeshalala kwenye akaunti yao?

Hiyo saa 10 jioni nimeitafuta kwenye mkataba, kurasa zote nne, haipo. Kilichopo ni tarehe. Na tarehe kwa ninavyojua mimi inaisha saa 6 usiku.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo kuna upigaji wenyewe na naomba anayekopa vitu madukani asome taratibu.

Kwanza, tuseme wana haki, tuseme nimechelewa kweli. Nimechelewesha nini? Laki mbili, kwa siku moja. Riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwenye laki mbili ni 7,000. Igawe kwa siku 30, unapata kama shilingi 233. Mia mbili thelathini na tatu! Hiyo ningewalipa nikiwa nacheka.

Pili, wanapiga riba juu ya 1,200,000 kwa miezi yote sita kana kwamba sikuwahi kuwapa hata senti. Mwezi wa kwanza nilikuwa nadaiwa 1,200,000, sawa. Wa pili 1,000,000. Wa tatu 800,000, halafu 600,000, 400,000, na wa mwisho 200,000. Chukua asilimia 3.5 ya kila mwezi kwa deni lililokuwepo mwezi ule, jumla yake ni 147,000. Wao wanataka 252,000. Tofauti ya 105,000 ni riba ya hela ambayo ilikuwa mfukoni mwao, siyo kwangu. Deni langu kwa wastani lilikuwa 700,000. Ukitoza 252,000 kwa deni la 700,000 ndani ya miezi sita, hiyo ni asilimia 6 kwa mwezi, hata kama kwenye karatasi umeandika 3.5.

Na hii 3.5 haikuchaguliwa kwa bahati. BoT, yaani Benki Kuu, ndiyo iliyoweka ukomo huo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni za mikopo za daraja la pili, zile zisizopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Wameiandika namba ya ukomo ili wakaguzi wakipita waone mambo safi, halafu wanaipiga kwenye deni lisilokuwepo. Wajanja sana.

Kuna kingine kimeniuma kuliko hata hiyo riba. Jirani yangu wa sokoni amenunua friza lilelile, duka lilelile, kwa kulipa taslimu: 1,350,000. Kwa hiyo hiyo "bila riba" ilikuwa na 150,000 ndani yake tangu siku ya kwanza. Hiyo nimeshawalipa. Wanataka nilipe mara ya pili.

Ukienda dukani wanakwambia: "Sisi tumeuza friza tu, mkopo ni wa kampuni ya mikopo, nenda kwao." Ukienda kwenye kampuni, dada wa mapokezi anakwambia: "Kama uliambiwa haina riba, aliyekuambia ni wa dukani, siyo sisi." Danadana. Lakini siku ya kusaini, kijana wa duka ndiye aliyenipa kalamu, ndiye aliyepiga picha kitambulisho changu cha NIDA, ndiye aliyenionyesha pa kuweka dole gumba. Siku ile alikuwa wa kampuni gani?

Halafu lugha. Bango Kiswahili, maneno ya kijana Kiswahili, meseji za kunidai Kiswahili kitamu kabisa. Mkataba Kiingereza, na kifungu cha riba kurudi nyuma kiko ukurasa wa mwisho, maandishi ya saizi ya maelekezo ya kidonge. Mahakama zenyewe tangu sheria ya 2021 lugha yake ni Kiswahili, ila duka la mafriza ndilo limeshindwa.

Nilipokataa kulipa wakaanza kumpigia wifi yangu. Yeye siyo mdhamini, aliandikwa tu kama mtu wa kupatikana endapo simu yangu haipo hewani. Simu yangu iko hewani! Wamemwambia kiasi ninachodaiwa na kwamba "jina litapelekwa kwenye kanzidata ya wakopaji wabaya." Sasa ukweni wanajua mimi ni mdaiwa sugu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na BoT mwaka 2024 iliyafungia majukwaa na programu za mikopo 69 zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Watu wakadhani mchezo huu ni wa programu za kwenye simu tu. Hapana, uko hadi kwenye ofisi zenye kiyoyozi.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeandika barua kwa kampuni, nakala dukani, nikataka mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Waligoma kugonga mhuri mpaka nilipokaa kwenye benchi na kusema siondoki. Nimeambatanisha meseji za miamala yote na picha ya bango (ambalo sasa limetolewa, nashukuru niliwahi). Nimeomba vitu vitatu: mchanganuo wa riba wa mwezi kwa mwezi, kifungu kinachotaja saa 10 jioni, na namba ya leseni yao ya BoT. Mwanasheria mmoja amenidokeza kwamba Sheria ya Mikataba, kifungu cha 19, inampa nafasi ya kuukataa mkataba mtu aliyeuingia kwa kudanganywa. Ila mimi siutaki kuukataa wote, friza ninalo na linafanya kazi. Nataka hiyo 312,000 ifutwe na deni langu lisomeke sifuri.

Wasiponijibu vya kueleweka, barua inakwenda BoT, ambao hutaka uwe umeanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na picha ya bango inakwenda FCC (Tume ya Ushindani) kwa sababu matangazo ya kupotosha ni eneo lao.

NYONGEZA: Kuna waliokuja PM kuniambia "lipa tu mama, yaishe." Hayaishi. Ukilipa hii, mwenzako wa kesho ataambiwa "mbona wengine wamelipa?"

Mwingine ameniambia wamemfanyia hivyohivyo kwa TV, naye alilipa usiku wa siku ya mwisho. Kama uko hapa na umechukua kitu kwa mkopo wa namna hii, tazama mkataba wako umesema nini kuhusu saa ya mwisho ya kulipa. Piga picha kifungu hicho, ficha jina na namba zako, weka hapa tulinganishe. Nikipata hata mitatu inayofanana nitaiambatanisha yote kwenye barua ya BoT.