Kanula ya mtoto mchanga: mkononi, mguuni, kichwani au kitovuni, ipi inakaa?

MamaTendo (Mbarara)
Habari zenu wapendwa. Niko wodini na mtoto wa dada yangu, ana siku 11, dada mwenyewe bado kidonda cha opresheni kinamsumbua kwa hiyo mimi ndo nalala na mtoto. Basawo (madaktari na manesi) walisema ni infeksheni ya damu, anapewa dawa za ampisilini na jenta (jentamaisini) na dripu ya maji ya sukari. Leo ni siku ya 4 na kanula, ule mrija mdogo wa plastiki wa kuingiza dawa mshipani, zimeshaharibika tatu. Ya kwanza ilikuwa juu ya kiganja cha kulia, ikakaa siku moja na nusu. Ya pili kiganja cha kushoto haikufika asubuhi. Ya tatu waliweka mguuni jana, leo saa tisa mchana nafunua blanketi nakuta mguu umefura hadi vidole vinang'aa. Mimi nilipolazwa na malaria mwaka jana yangu ilikaa siku tatu nzima na bado ilikuwa inafanya kazi! Sasa wanataka kuweka kichwani na bibi yake amekataa kabisa, anasema mtoto akishawekewa dripu ya kichwa ni kwamba anaenda. Nauliza mliopitia haya, ipi inakaa zaidi? Na hio ya kitovu nasikia inakaa wiki, kwa nini hawamuwekei? Kila wakimchoma nalia kuliko yeye.

BabaPacha_Kla
Pole sana nyabo. Wetu walizaliwa wiki ya 30, mapacha, nimeona zote hizo. Ya kitovu waliwekewa siku ile ile ya kuzaliwa, ikakaa kama wiki hivi ikatolewa. Baada ya hapo mmoja aliwekewa ile laini ndefu nyembamba kama uzi, inapita mkononi inaenda mpaka karibu na moyo, wakapiga eksirei kuona ncha yake imefika wapi. Hio ilikaa siku 19 bila kuguswa. Mwenzake hakupata mshipa wa kupitisha, akabaki na hizi za kawaida, sikuhesabu tena ni ngapi. Kama hospitali yenu wanayo hio ndefu omba hio, ila huku kwetu ni hospitali chache sana wanaiweka na inataka mtu aliyefundishwa.

NesiArua
Dada, nimefanya kazi wodi ya watoto wachanga miaka mingi, ngoja nikuambie vizuri maana hili swali naulizwa karibu kila siku na wamama.

Kwanza usijilinganishe na mtoto. Mtu mzima kanula inaweza kukaa siku 3 mpaka 4 bila shida. Mtoto mchanga, siku moja au mbili ni kawaida kabisa, ikifika ya tatu tunashukuru. Mshipa wake ni mwembamba, ukuta wake laini, ile kanula ya njano namba 24 ambayo kwako wewe ni kama uzi kwake inajaza mshipa wote. Halafu anapiga teke, anavuta, anakojoa plasta inalowa. Maji yanatoboa kando yanaingia kwenye nyama, ndo huo mguu uliouona. Kanula nyingi za wachanga zinaishia hivyo, si usaha wala si uzembe wa aliyeweka.

Kuhusu mahali: mimi napenda mkono wa chini, kati ya kifundo na kiwiko, kama naona mshipa. Hapo hakuna kiungo kinachokunjwa. Juu ya kiganja ni rahisi kuona lakini kifundo kinacheza, kwenye kunja la kiwiko ndo mbaya zaidi maana kila akikunja inasogea. Mguuni ni sawa kwa mtoto ambaye hajaanza kutembea, ila anapiga mateke. Kichwani mshipa unaonekana vizuri na hakuna kiungo, kwa hiyo mara nyingi inatulia. Mwambie bibi kwa heshima kabisa, haiendi kwenye ubongo, mshipa uko juu ya fuvu chini ya ngozi tu. Musawo anaweka kidole kwanza, kama panadunda huo ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, anauacha. Tunanyoa kidogo, nywele zinarudi.

Kitovu: inawekwa siku za mwanzo, kikiwa bado kibichi. Siku ya 11 mara nyingi kimeshakauka, huwezi tena. Na ata ikiwekwa mapema, mwongozo wa 2011 wa CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani) ulisema isipite siku 14, maana inakaa kwenye mshipa mkubwa na vijidudu vikiingia hapo vinaenda moja kwa moja kwenye damu.

Shangazi_Busia
Hilo la bibi nalielewa sana. Sisi tuliona watoto wanaowekewa kichwani ni wale waliozidiwa tayari, mishipa mingine yote imeisha, sasa akifa watu wanasema ni dripu ya kichwa. Mjukuu wangu aliwekewa, tukanyoa upande mmoja, mama mkwe hakuongea na mimi siku mbili nzima. Mtoto sasa ako P2, darasa la pili.

Opio_Lira
Mimi naona ni bora kudai wabadilishe kila baada ya siku tatu ata kama inafanya kazi, infeksheni ndo hatari. Kwa watu wazima si ndo wanafanya hivyo?

NesiArua
@Opio_Lira hapana ndugu yangu, kwa watoto usidai hivyo. Mwongozo wa CDC wa Marekani wa 2011 unasema kwa watoto unabadilisha pale tu kuna sababu: imefura, imekuwa nyekundu, inavuja, imeziba, mtoto analia ukigusa. Ukitoa kanula nzima kwa sababu kalenda imefika utamchoma tena mara nne kutafuta mshipa mwingine, na kila tundu ni mlango mpya. Ila kama dawa za mshipa zimekwisha itoke siku hio hio, isiachwe eti labda tutaihitaji.

KlinikoKasese
Naongeza moja ambalo watu hawaulizi: je mtoto bado anahitaji hio dripu? MamaTendo, ananyonya? Kama anameza vizuri au anaweza kulishwa maziwa ya mama kwa kikombe au mpira wa puani basi maji ya mshipa yanapunguzwa mpaka yanasimama, na kanula inafungwa kifuniko, inabaki ya dawa tu. Inasafishwa kwa maji ya chumvi kidogo kabla na baada ya dawa, pole pole, ikigoma usisukume kwa nguvu. Mimi naona zilizofungwa hivi mtoto anabebwa vizuri na hazivutwi na ule mpira mrefu.

Pia jenta inaweza kupigwa kwenye paja, mara moja kwa siku, na ampisilini pia inaingia kwenye nyama. Inauma ndiyo, na mtoto aliyezidiwa sana au anayetokwa damu hatuchagui hivyo, lakini kama mshipa umekosekana saa sita usiku dawa isirukwe. Matibabu ya infeksheni ya damu ni siku 7 mpaka 10, kwa hiyo uko katikati ya safari, uliza tu: "Musawo, hii iliyobaki tunaweza kupigwa ya paja?" Ni swali la haki kabisa, hamna atakayekasirika.

Ile sindano ya kipepeo, ya chuma, kama wakikuambia wataitumia kwa dripu, hio haikai kabisa, chuma kinatoboa mshipa mtoto akijigeuza. Ya plastiki ni bora.

BabaPacha_Kla
Naomba niseme hili maana linaniuma mpaka leo. Mmoja wa wetu, hospitali sitaitaja, alikuwa anapewa kalisiamu kwenye kanula ya mkono. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji yote mpaka vidole, huoni kitu. Alilia usiku, mke wangu akamwambia aliyekuwa zamu, akajibiwa mtoto ana njaa. Asubuhi wanafungua ngozi imekuwa nyeupe halafu nyeusi, kama ameunguzwa na chai. Kovu lipo, liko kama sarafu ya mia tano. Kwa hiyo ipi inakaa muda mrefu sio swali la kwanza kwangu tena. Mimi nauliza je, naiona? Dada, usikubali mahali palipochomwa pafunikwe pasionekane.

NesiArua
Pole sana baba. Na ni kweli, kalisiamu na sukari nzito zinaunguza. Sukari ikipita asilimia 12.5 haipitishwi kwenye mshipa mdogo kabisa, inataka laini kubwa.

MamaTendo fanya hivi kila saa, ata usiku weka alamu: fungua blanketi, gusa, tazama, linganisha na upande wa pili. Ukiona upande mmoja ni mnene, baridi, ngumu, ngozi inang'aa, au imekuwa nyekundu na moto, funga ile gurudumu ya dripu na uite musawo hapo hapo. Ata kama mnatumia ile mashine ya dripu usiingojee ipige kelele, maji yanaweza kuingia kwenye nyama muda mrefu nayo iko kimya. Plasta isizungushwe mkono wote kama bangili, na kile kipande cha katoni cha kunyoosha mkono kiwekewe pamba, vidole vibaki nje. Wakati wa kuchoma mama akiwepo anyonyeshe, mtoto anaumia kidogo tu akiwa kwenye titi.

Shangazi_Busia
Na ununue kanula mbili za njano uwe nazo, usiku famasi zimefungwa. Mimi nilishakimbia na boda saa saba za usiku kutafuta, sitasahau.

MamaTendo (Mbarara)
Banange asanteni sana. Nimeenda kuongea na bibi, nimemshikisha kichwa changu mwenyewe hapa kando juu ya sikio nikamwonyesha mshipa, amenyamaza muda mrefu halafu akasema basi wamnyoe ila nywele nimpe yeye. Nimemfungia kwenye leso. Kabla hawajaanza niliuliza lile la maziwa, daktari akasema kweli anaweza kulishwa, dada amekamua kwenye kikombe wamempa kwa mpira, dripu wamepunguza nusu, kesho wakiona hatapiki wanasimamisha. Dada aliletwa kwa kiti cha magurudumu akamweka titini wakati wanachoma, alilia mara moja tu akanyamaza. Ya kichwani imeingia mara ya kwanza. Wamefunika kwa plasta ya kuonekana, musawo ameandika saa pembeni kwa peni: 12:40 jioni. Sasa ni saa nne usiku, nimetazama mara tatu, ngozi ni laini pande zote mbili na iko joto sawa. Alamu ya saa tano nimeshaweka.