Kuku wa mayai: 480 kwenye vizimba au wachache chini? Naomba ushauri (Lubumbashi)

Mwenye_Parseli
Jambo wapendwa. Parseli (kiwanja chetu) iko Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, banda limekwisha kuezekwa: mita 8 kwa 5, ukuta wa tofali hadi magotini, juu waya. Muuzaji wa vifaa analeta vizimba vya ghorofa tatu kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kimoja kinabeba kuku 120, na anasema vinne vinaenea, yaani kuku 480. Kila chumba cha waya kina sm 45 kwa 40 na wanaingia kuku 4.

Nyumbani tumegawanyika. Mmoja anasema hao ni kuku tu, tulishe watu kwanza. Mwingine anasema kumbana kiumbe maisha yake yote ni ukatili, na njaa ya mtu haiugeuzi kuwa haki. Anayeijua kazi hii atueleze: kizimba kinamfanyia kuku nini hasa? Na tukiwaacha chini, banda hili linabeba wangapi?

Tate_Mitetea
Ndugu, anza na hesabu ya hicho chumba. Sm 45 kwa 40 ni sentimita za mraba 1,800. Gawa kwa 4, kila kuku anapata 450. Sasa chukua karatasi ya fotokopi, ile A4, uilaze mezani. Ina sentimita za mraba 624 hivi. Mtetea wako atasimama, atakula, atataga na kulala kwenye eneo dogo kuliko hiyo karatasi, tangu wiki ya 16 ya umri wake hadi ya 75 au 80.

Kinachomtesa zaidi ni kukosa kiota. Mtetea akikaribia kutaga anatafuta pa kujificha, anazunguka, anachakura, ndipo anakaa. Hafundishwi na mtu. Homoni za utagaji ndizo zinazomsukuma. Kwenye waya hana pa kwenda, kwa hiyo utamwona kila asubuhi anakanyaga papo hapo, anajipenyeza chini ya wenzake, anarudi. Halafu mifupa. Ganda la yai moja linachukua gramu 2 hivi za kalsiamu, na nyingine hutoka mifupani. Kuku asiyetembea wala kuruka mifupa yake inalegea. Siku ya kuwatoa, wakivutwa kwa mguu mmoja kupitia mlango mwembamba, mabawa na mapaja yanavunjika mikononi mwa mtoaji.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza vizimba hivi vitupu, visivyo na kiota wala fito, tangu Januari 1, 2012. Kabla ya hapo sheria yao ilidai angalau sentimita za mraba 550 kwa kuku. Unachouziwa kiko chini hata ya kile walichokikataa. Uswisi iliachana navyo miaka 20 kabla yao, 1992.

Mwana_Kampemba
Upande wa pili nao una ukweli wake. Kizimbani kuku hakanyagi mavi, hivyo koksidiosi (ugonjwa wa kuhara damu) na minyoo hupungua, mayai yanateremka safi, na kudonoana hakusambai banda zima. Mtu akiwaacha chini kisha akawatunza ovyo, anaweza kuzika wengi kuliko mwenye vizimba. Ukichagua chini, umechagua na kazi yake ya kila siku.

Mwenye_Parseli
Asanteni sana. Hiyo karatasi imewekwa mezani jana jioni, na hakuna aliyetetea vizimba tena. Basi tupeni vipimo vya chini, tafadhali.

Tate_Mitetea
Mita 40 za mraba: weka kuku 200, yaani 5 kwa mita. Ulaya wanaruhusu 9, lakini wengi wao wana feni na mashine za hewa. Kwako umeme unakatika, na Oktoba bati linachoma.

Sakafu iwe na maranda ya mbao, unene wa sm 8 hadi 10. Usitumie unga wa msumeno. Ni laini mno, kuku wanaumeza na vumbi lake linaingia mapafuni. Kila asubuhi shika konzi moja karibu na vinyweo uifinye. Ukifungua mkono ikabaki donge, imelowa: toa sehemu hiyo, weka kavu. Kisha chuchumaa, pua iwe kwenye kimo cha kuku. Ukihisi macho yanawasha, ni amonia, na wao wanaivuta usiku kucha. Chanzo huwa ni kinyweo kinachovuja au kilichowekwa chini mno. Mdomo wa kinyweo uwe sawa na mgongo wa kuku.

Viota: kimoja kwa kuku 7, kwa hiyo tengeneza 30. Sm 30 kwa 30, kimo sm 35, nyasi kavu ndani, ubao wa sm 10 mbele ili yai lisidondoke, na pazia la gunia kwa ajili ya giza. Viweke kabla yai la kwanza halijatoka, wiki ya 16. Ukichelewa watazoea kutaga pembeni mwa ukuta, na kuku aliyezoea pembe hiyo ni vigumu kumrudisha. Wiki za mwanzo okota mayai ya chini mara nne kwa siku.

Fito za kulalia: sm 15 kwa kuku, jumla mita 30. Mti uwe umelainishwa kingo, unene wa sm 4 hadi 5, fito na fito ziachane sm 30. Usizipandishe zaidi ya mita moja, kwa sababu wakiruka gizani wanavunja mfupa wa kifua.

Chakula ni gramu 115 hivi kwa kuku, kilo 23 kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 50 linatosha siku mbili na kidogo. Kalsiamu iwe asilimia 3.5 hadi 4. Sahani ya duara yenye kipenyo cha sm 38 inatosha kuku 30, basi nunua 7. Maji lita 50 kwa siku, na kwenye joto weka karibu mara mbili.

Kudonoana kukianza, angalia kwanza chumvi na protini ya chakula, halafu mwanga mkali. Tundika mafungu ya lengalenga (mchicha) kwenye kimo cha kichwa, punguza mwanga kwa gunia, na aliyetoka damu mtenge saa hiyo hiyo. Antibiotiki usiichanganye kwenye chakula "kwa kinga". Chanjo ya Newcastle (kideri) na Gumboro, magonjwa ya virusi, ndiyo kinga. Ratiba uipange na daktari wa mifugo.

Mama_Lengalenga
Mmepima vizuri, ila kuna asiyepimwa: jogoo. Kila mtetea wa mayai ana kaka yake aliyeanguliwa pamoja naye. Hatagi, na hakui haraka vya kutosha kuuzwa nyama, kwa hiyo viwanda vya kuangulia humsaga au kumuua kwa gesi siku ya kwanza. Ujerumani ilikataza hilo tangu 2022. Ukinunua vifaranga 200 vya kike, wa kiume wapatao 200 wamekwisha kufa kabla boksi halijafika mpakani. Jambo hilo nalo lijadiliwe pale mezani.

Na kuku wa nyama wa kigeni? Anafika kilo 2 na zaidi kwa siku 40. Miguu na moyo havimfuati, wengi wanachechemea wiki ya mwisho.

Simwambii mama mwenye mtoto mwenye utapiamlo aache yai. Vitamini B12 haimo kwenye mboga, na yai moja linamsaidia mtoto sana. Ila kwa mtu mzima anayetaka nyama kila siku, bukari (ugali wa mahindi) na maharage yanakamilishana kwa sehemu za protini: mahindi yana upungufu wa lisini, maharage yanayo, maharage yana upungufu wa methionini, mahindi yanaongeza. Karanga kwenye sombe (majani ya muhogo), soya, vinkubala (viwavi wa kuliwa) kwa wanaovila. Kikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi pori na karanga, siwasifii katika hili, kwa sababu viazi vyake ni vya okidi za porini na vinachimbwa hadi kuisha.

Mwenye_Parseli
Mama, la jogoo hatukulijua. Tunafikiria kuanza na 120, na kuku wa kijijini pembeni wanaojiangulia wenyewe. Swali la mwisho: wakizeeka?

Tate_Mitetea
Usiwauze kwa mtu atakayewafunga miguu na kuwaning'iniza vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli hadi soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Wakamate usiku kwa mwanga hafifu, mikono miwili juu ya mabawa, kwenye kreti yenye hewa.

Ukichinja mwenyewe, zuia chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji yabaki. Tengeneza koni ya bati: juu sm 25, chini sm 12, ipigiliwe ukutani. Kuku akiingia kichwa chini mabawa yanabanwa, hapigi wala havunjiki. Kisu kinolewe kila baada ya kuku kadhaa. Kata mishipa yote miwili ya shingo kwa mkato mmoja, chini kidogo ya taya. Subiri dakika 2, kisha gusa jicho kwa ncha ya kidole. Kope ikicheza, bado yuko hai: usimtie kwenye maji ya moto.