Mjadala: Mlipuko wa ugonjwa ukirudi, nani afuatilie utii wa wananchi?

Mtoa mada
Ndugu wachangiaji, mwaka 2020 serikali ya Kenya iliwakabidhi polisi kazi ya kuhakikisha kwamba masharti ya kuzuia korona yanafuatwa. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, abiria waliokuwa wakiwahi kuvuka kwa feri ya Likoni, Mombasa, walirushiwa mabomu ya machozi, wakasongamana huku wakikohoa, na hivyo agizo la kuzuia maambukizi likatekelezwa kwa namna ya kuyaeneza. Mwezi uliofuata ikaja kanuni ya barakoa, yenye faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita, hata kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku.

Hoja yangu ni kwamba anayepima utii asiwe ndiye anayeadhibu, kwa kuwa penye adhabu watu huigiza utii. Barakoa ilikaa kidevuni, ikapandishwa puani askari alipoonekana. Watafiti waliolinganisha majibu ya simu na hesabu ya macho katika kaunti ya Busia walikuta wengi wakisema wanavaa, ilhali waliovaa kweli hadharani walikuwa wachache mno. Hesabu hiyo ifanywe na wahudumu wa afya wa jamii, bila majina, sokoni, stendi na kwenye vioski vya maji, ili ijulikane palipokosekana sabuni, maji au nafasi.

Mchangiaji wa kwanza
Ya Likoni sina la kuyatetea. Hata hivyo, matatu ya abiria 14 iliagizwa kubeba wanane, na makanga wengi walitii hadi walipokivuka kizuizi cha polisi, kisha wakajaza. Mhudumu wa afya mwenye daftari angemfanya nini makanga huyo? Abiria naye, akiwa amechelewa kazini, hana uwezo wa kumkatalia. Kuhesabu tu bila nguvu ya sheria ni kuandika historia ya ugonjwa unapoendelea kuenea.

Mtoa mada
Mwenye matatu na mwenye baa wana leseni. Waadhibiwe kupitia leseni hizo, baada ya kusikilizwa. Mama muuza mboga hana leseni ya kunyang'anywa, ana mwili tu, na ndio uliopigwa. Tusisahau pia kwamba waliovunja kafyu walipelekwa karantini kama wafungwa. Karantini ikishageuzwa jela, nani ataenda kupimwa kwa hiari?

Mchangiaji wa pili
Naelekea upande wa mtoa mada, ila nina wasiwasi ambao hamjaugusa. Tangu 2023 Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000, ndio wahudumu hao mtoa mada anaotaka wahesabu, wanaolipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi na kupewa simu za kukusanyia taarifa. Hawa hufunguliwa mlango kwa sababu jirani anaamini kwamba habari za mtoto wake anayeharisha hazitafika kwa chifu. Wakianza kuonekana wanahesabu nani kavaa nini, hata bila majina, mtaa wenye kumbukumbu ya 2020 hautasubiri maelezo, na chanjo za watoto zitakuwa za kwanza kuathirika. Nitaiunga mkono hesabu hiyo iwapo matokeo yake yatabandikwa kwanza mtaani pale pale, kabla ya kutumwa wizarani, na iwapo sheria itamkataza chifu na polisi kuyadai. Mtoa mada, je, unakubali masharti hayo mawili?